Namna ya kuzisoma stadi za mhusika wako katika Paranoia, ukianza na zile za hasi

Mgeni akikabidhiwa karatasi ya mhusika wa Paranoia, macho yake hukimbilia kwenye namba kubwa ya chanya. Nimewafundisha mchezo huu ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki, na karibu wote hufanya hivyo. Nami huwaomba jambo moja kabla hatujagusa dadu: funika hiyo namba kwa kidole gumba, kisha nisomee zile hasi tano, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Anayefanya hivyo huwa ameshauelewa nusu ya mchezo.

Kwa asiyeujua, Paranoia ni mchezo wa kuigiza wahusika, unachezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu, na ulitoka mara ya kwanza mwaka 1984. Wahusika wanaishi Alpha Complex, mji uliofungwa pande zote na kutawaliwa na Kompyuta inayojiita rafiki wa kila mtu. Kazi yao ni kutafuta wahaini na kuwamaliza. Tatizo ni kwamba kila mmoja wao ni mhaini: ana nguvu za ajabu alizozaliwa nazo na ni mwanachama wa chama cha siri, na yote mawili ni makosa ya kifo. Vichekesho vyote vinachimbuka hapo. Ninayoeleza hapa ni kanuni za stadi za toleo la 2017. Ukikutana na mtu aliyezoea lile la 2004, atakwambia habari za dadu ya pande 20 na kurusha chini ya kiwango chako. Anasema kweli kwa toleo lake, ila usizichanganye hesabu zake na hizi.

Karatasi ina sifa nne na stadi kumi na sita. Majina rasmi ni ya Kiingereza. Sisi mezani tumeyapa ya kwetu ili watu wasikwame kwenye maneno. Sifa tunaziita Mabavu, Akili, Uso Mkavu na Ufundi. Hiyo ya tatu iliwahi kutusumbua hadi shangazi yangu, ambaye hata hakuwa anacheza, alipouliza tunabishania nini. Tukamweleza: ni ule uwezo wa mtu kusema uongo mweupe mbele ya hakimu bila kupepesa jicho. Akasema, "Si uso mkavu huo?" Jina likabaki.

Chini ya Mabavu kuna Riadha, Bunduki, Mapigano ya Mkono na Kutupa. Chini ya Akili kuna Sayansi, Saikolojia, Urasimu na ujuzi wa Alpha Complex yenyewe. Uso Mkavu una Kulaghai, Kuvutia, Kutisha na Kunyemelea. Ufundi una Kuendesha, Uhandisi, Kuandika Programu na Milipuko. Usijitese kuzikariri; karatasi iko mbele yako muda wote.

Sasa namna namba zinavyopatikana, na hapa naomba utulie.

Wachezaji wanakaa kwa duara. Wa kwanza anachagua stadi moja na kuiandikia chanya 1. Papo hapo, aliyekaa kushotoni kwake anaandika hasi 1 kwenye stadi ileile. Kisha huyo wa kushoto naye anachagua yake, jirani yake anapokea hasi, na hivyo hivyo mpaka duara limezunguka. Mzunguko wa pili ni wa chanya 2 na hasi 2. Mnaendelea mpaka 5. Stadi iliyokwisha kuandikwa namba huigusi tena. Mkimaliza, kila mtu ana stadi tano za chanya, tano za hasi, na sita zenye sifuri.

Umeona kilichotokea? Zile chanya umezichagua mwenyewe. Zile hasi umepewa na mtu, na mtu huyo anakaa kuliani kwako, anakutazama. Karatasi yako ni kumbukumbu ya nani alikuwa jirani yako. Ndiyo maana nasisitiza zisomwe kwanza. Mdogo wangu alipojichagulia chanya 4 ya Milipuko, mimi nilibaki na hasi 4, na hatukuwa tumeanza hata kazi ya kwanza. Usiku mzima, kila kilipoonekana kitu chenye waya na saa, yeye alikuwa mtaalamu na mimi nilikuwa mtu wa kutumwa nikakishike. Nilimchukia kwa mapenzi kabisa. Hakuna mwandishi wa hadithi aliyetupangia ugomvi ule. Ulizaliwa na kanuni.

Kuna mafunzo mawili ya kuchagua. Usitumie chanya 5 kwa kitu unachodhani kitakufaa tu. Itumie kwa kitu utakachopenda kukifanya mbele za watu, maana utakifanya mara nyingi. Na mtazame jirani wa kushoto. Akiwa ametangaza tangu mwanzo kwamba anataka kuwa mdunguaji hodari, ukachukua Bunduki kwa 5, umemwandikia maisha yake yote. Hilo halikatazwi. Kwa mgeni mwoga, lakini, mimi hushauri jirani amwachie angalau kile kimoja alichokitamani, kwa sababu mtu aliyenyang'anywa kila kitu katika dakika kumi za kwanza hunyamaza, na mchezo huu hauwezi kuendelea na mtu aliyenyamaza.

Kuhusu kurusha. Ukitaka kufanya jambo lenye hatari ya kushindikana, msimamizi wa mchezo anakutajia sifa moja na stadi moja. Unajumlisha namba zake mbili, na jibu ndilo NODE, yaani idadi ya dadu utakazorusha. Dadu ni zile za kawaida za pande sita. Kila inayotoa 5 au 6 ni fanikio moja. Mfano: Ufundi wako ni 1 na Uhandisi ni 3, basi unarusha nne. Jambo jepesi hudai fanikio moja, gumu hudai zaidi. Kifaa kizuri huongeza dadu, majeraha hupunguza.

Kila dadu moja ina nafasi moja kati ya tatu. Watu husahau maana ya hilo. Dadu nne zinakupa takriban asilimia 80 ya kupata angalau fanikio moja, ni vizuri. Ila hata ukiwa na tano, nafasi ya kupata mafanikio mawili au zaidi ni kama asilimia 54 tu. Fundi wa Alpha Complex, kwenye kazi ngumu kidogo, anakaribia kurusha sarafu. Nawaambia wageni mapema ili wasidhani dadu zimewaonea.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii: stadi haijafungwa kwenye sifa iliyo juu yake. Zimepangwa vile karatasini kwa urahisi tu. Mtu husema "Bunduki ni ya Mabavu", na kweli ukifyatua risasi utatumia Mabavu na Bunduki. Ukitaka kuitambua bunduki iliyotumika kwa kuangalia tundu ukutani, hiyo ni Akili na Bunduki. Ukitaka kuifungua na kuondoa uchafu uliokwama, ni Ufundi na Bunduki. Na ukitaka kuizungusha kidoleni mbele ya mkubwa wako ili aamini kwamba wewe ni shujaa wa vita fulani, ni Uso Mkavu na Bunduki. Stadi moja, kazi nne.

Mpwa wangu wa kike ndiye aliyenionyesha ukubwa wa jambo hili. Mhusika wake alikuwa dhaifu wa Mabavu na imara wa Uso Mkavu, na stadi yake bora ilikuwa Urasimu. Roboti mlinzi akamzuia mlangoni. Wengine wakaanza kuhesabu risasi. Yeye akasema anataka kumuuliza roboti yule fomu yake ya ruhusa ya kumzuia mtu iko wapi, nani aliisaini, na kwa nini nakala haijafika ofisini kwake. Uso Mkavu na Urasimu. Akarusha dadu nyingi kuliko mtu yeyote usiku ule, na roboti akaenda kutafuta fomu. Hakuwa amesoma kanuni hata ukurasa. Alieleza kitendo kinachofanana na mtu wake, na namba zikamfuata.

Kwa hiyo zoezi lenyewe ni hili: chukua stadi yako ya 5, ipitishe kwenye sifa zote nne, na kwa kila moja fikiria kitendo kimoja halisi. Kunyemelea na Mabavu ni nini? Pengine kumkaba mtu kimya kimya. Kunyemelea na Ufundi? Kufunga kamera ya siri isionekane. Ukishindwa kupata ya nne, waulize wenzako. Msimamizi ndiye mwenye neno la mwisho, lakini msimamizi hawezi kukupa kilicho bora kama hukusema unachofanya kwa namna inayokiita.

Hasi sasa. Jumla ikiwa sifuri, unabaki na dadu moja tu, ile ya Kompyuta, nitaieleza. Jumla ikiwa chini ya sifuri, hukwepi kurusha. Akili 1 na Milipuko hasi 4 ni hasi 3: unarusha dadu tatu, 5 na 6 bado ni mafanikio, lakini kila dadu iliyo chini ya hapo inakufuta fanikio moja. Kwa dadu tatu, wastani wako unaangukia hasi 1 kabla hata Kompyuta haijaingia. Na matokeo yakishuka chini ya sifuri, jambo haliishii kushindikana. Linaharibika zaidi ya ulivyolikuta. Hapo ndipo vichekesho vinapotoka, na ndiyo maana mchezaji anayezikimbia hasi zake saa tatu nzima ananisikitisha. Kila mhusika ana nakala zake, jumla miili sita, na mpya huja ikiwa na stadi zilezile. Kufa si mwisho wa mchezo wako. Jitolee kushika kile kitu chenye waya angalau mara moja.

Dadu ya Kompyuta hurushwa pamoja na nyingine kila mara, uwe na nyingi au huna kabisa. Mahali pa 6 ina alama ya Kompyuta. Alama ikijitokeza, rafiki yetu ameelekeza macho kwako: jambo fulani la ziada linatokea, kwa hiari ya msimamizi, na unapoteza pointi moja ya Moxie, ambayo sisi tunaiita Moyo. Moyo ukiisha, mhusika anapagawa. Hesabu yake ni nafasi moja kati ya sita kwa kila urushaji, na ukirusha mara nne tu umeshapita nusu ya uwezekano wa kuiona angalau mara moja. Hivyo anayerusha kwa kila jambo dogo anajimaliza mwenyewe. Kama unaweza kumtuma mwenzako arushe badala yako, mtume.

Limebaki jambo linalowachanganya wengi. Ndani ya mchezo, kuonyesha kwamba unazijua kanuni ni uhaini. Mhusika wako ana daraja la usalama jekundu, na kanuni ni siri ya walio juu yake. Sasa mtu ajifunze vipi kitu ambacho haruhusiwi kukijua? Mimi hutenganisha. Kabla ya mchezo, au siku nyingine kabisa, niulize lolote, nitakuonyesha kwa kalamu. Mchezo ukianza, usiseme "nina NODE ya nne hapa". Sema unafanya nini, unakifanyaje, na unamsingizia nani kikishindikana. Nilizoea kuliona hili kama utani wa kitabu tu, mpaka nilipogundua linavyowasaidia wageni. Mtu asiyeruhusiwa kutaja namba hulazimika kueleza kitendo, na kitendo kilichoelezwa vizuri ndicho kinachopata sifa na stadi inayokufaa.

Ukiwa peke yako nyumbani, jaribu usiku mmoja kabla ya kucheza. Andika karatasi ya kubuni yenye chanya tano na hasi tano, chukua dadu zozote ulizo nazo, moja iwe ya rangi tofauti isimame badala ya Kompyuta. Jipe mlango uliofungwa. Ufungue mara tatu: kwanza kwa stadi yako bora, kisha kwa stadi yenye sifuri, mwisho kwa hasi yako mbaya kuliko zote. Kila mara sema kwa sauti unachofanya kabla ya kujumlisha. Ule mlango wa tatu uandikie mistari miwili ya kilichotokea, uje nao mezani, unisomee.