Lamineti mlangoni na kwenye ngazi: kata fremu, usikate ubao

Sebule nzima unaweza kuitandika lamineti, zile mbao za sakafu zinazofungana kwa kubofya, kwa siku moja, lakini mkono wa fundi unaonekana sehemu mbili: pale ubao unapokutana na fremu ya mlango, na kwenye ngazi. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta mbao zimechongwa kufuata kona za fremu, halafu nafasi iliyobaki ikajazwa silikoni. Baada ya miezi kadhaa silikoni imeshika uchafu na kuachia, na mwenye nyumba anaangalia mstari mweusi kila akipita. Cha kukatwa ni fremu. Ubao upite chini yake.

Kabla ya yote, acha maboksi yalale ndani ya chumba hicho hicho saa 48. Moyo wa lamineti ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi, kwa hiyo unavuta unyevu na kutanuka. Sisi wa pwani, masika ndiyo yanayotuonyesha nani aliacha nafasi ukutani na nani hakuacha. Juu ya zege la chini tandika nailoni nzito, kisha sponji ya milimita 2 au 3, ile inayokaa chini ya mbao.

MLANGONI

1. Toa mlango kwenye bawaba.

2. Chukua kipande cha lamineti, kiweke juu ya kipande cha sponji, kisogeze hadi kiguse fremu. Hicho ndicho kipimo chako, futi kamba iache mfukoni. Laza msumeno wa meno madogo juu yake na ukate fremu, msumeno ukiwa umelala bapa. Fremu za mninga ni ngumu, nenda taratibu. Malizia kona za ndani kwa patasi, toa vumbi lote, kisha jaribu: kipande kiingie bila kupigwa nyundo.

3. Pima ubao uingie chini ya fremu lakini usigonge ukuta. Acha milimita 10 humo ndani. Hakuna atakayeiona, na sakafu itapata pa kupumulia.

4. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ubao wa kubofya unafungwa kwa kuuinamisha, na chini ya fremu huwezi kuuinamisha. Usiulazimishe, utavunja ulimi, ule ukingo unaoingia kwenye mfereji wa ubao mwenzake. Chukua patasi kali, upunguze ule ukingo mdogo unaoinuka kwenye mdomo wa mfereji, paka gundi ya mbao, kisha usukume ubao ukiwa bapa sakafuni. Vuta kwa chuma cha kuvutia, gonga polepole hadi mstari ufungike. Weka uzito juu yake mpaka gundi ikauke.

5. Vyumba viwili vikikutana, weka mkanda wa T, ule unaofunika nafasi kati ya sakafu mbili, pale mlango unapokaa ukifungwa. Skrubu zake ziingie kwenye zege, zisiguse ubao. Mbao ziteleze chini ya mkanda.

6. Rudisha mlango. Mlango ukisugua sakafu, randa ukingo wake wa chini.

KWENYE NGAZI

Ngazi ina sheria tofauti kabisa: hakuna sponji, hakuna sakafu ya kuelea, yaani isiyogandishwa chini. Kila kipande kinagandishwa moja kwa moja. Ubao unaocheza kwenye kidato unaangusha mtu, na mara nyingi anayeangushwa ni mzee au mtoto.

Kwangua rangi na nta, kwaruza terazo kwa grenda gundi ishike, futa vumbi. Kisha pima kila kidato peke yake. Sijawahi kukutana na ngazi ya zege yenye vidato viwili vinavyolingana. Kata kielelezo kwa karatasi ngumu ya lile boksi la lamineti. Ubao mmoja wa upana wa sentimita 19 hautoshi kidato cha sentimita 28, hivyo unganisha mbao mbili kwa gundi, ikauke, ndipo ukate.

Bandika mbao za kusimama zote kwanza. Siku ya pili bandika za kukanyagia, ukianzia juu na kushuka, usije ukakanyaga gundi mbichi. Pembeni acha milimita 2 au 3 tu. Mwisho funga nozingi, ule mkanda unaofunika ukingo wa kidato: toboa zege, weka plagi, paka gundi, kaza skrubu. Gundi peke yake haitoshi hapo.

MASWALI

Swali: Fundi habari. Fremu zangu ni za chuma na ndani zimejazwa zege. Nazikataje?
Jibu: Salama kaka. Hizo usizikate. Chora umbo la fremu kwenye karatasi ngumu, hamishia kwenye ubao, ukate ukiacha nafasi ndogo, kisha jaza silikoni ya rangi ya ubao. Ni hapo tu ninapoikubali silikoni.

Swali: Naweza kufunika vidato tu, korido ya chini ibaki na vigae?
Jibu: Dada, fikiria hili. Ukiongeza milimita 8 juu ya kila kidato na korido ikabaki ilivyo, kidato cha kwanza kinakuwa kirefu kuliko vingine. Mguu umeshazoea kimo kimoja, utajikwaa. Ukitandika korido ya chini na ya juu pia, vimo vinabaki karibu sawa.

Swali: Shikamoo fundi. Kidato kimoja kinalia "ko ko" nikikanyaga.
Jibu: Marahaba mwanangu. Chini yake pana uwazi, gundi haikuenea. Toboa tundu dogo kwenye kona ya nyuma, ingiza gundi, weka ndoo ya maji juu yake hadi kesho. Tundu utaliziba kwa nta ya rangi ile ile. Ikiwa nozingi nayo inacheza, ng'oa uanze upya kidato hicho, na leo hii wazuie watoto wasikipite.