Kuchagua Kitabu cha Kujifunza Opshani za Hisa

Ukiinama kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara katikati ya Nairobi, usihukumu kwa jalada. Fungua palipo na mfano wa hesabu, uufanye mwenyewe. Tuseme opshani ya kununua, yaani haki (si lazima) ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa hadi siku fulani, ina bei hiyo, iitwayo bei ya utekelezaji, ya dola 50, na primiamu, yaani gharama ya kuipata haki hiyo, ya dola 2 kwa kila hisa. Mkataba wa Marekani kwa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo unalipa dola 200, si 2. Hisa ikifunga kwa dola 51 siku ya mwisho, opshani yako ina thamani ya dola 100: umepoteza 100 ingawa bei ilipanda! Faida huanzia juu ya dola 52, tena kabla ya ada za dalali. Kitabu kinachoficha hasara hiyo kirudishe mahali pake.

Halafu pitia faharasa. Tafuta jinsi thamani inavyoyeyuka siku zikisonga, mtikisiko wa bei, na muuzaji kudaiwa hisa kabla ya muda, hasa gawio linapokaribia. Wanaoanza huumia sana wanapouza opshani ya kununua bila kumiliki hisa, kwani hasara yake haina kikomo.

Mwaka wa kuchapishwa si hoja kubwa kwa nadharia, ila taratibu hubadilika. Tangu Mei 2024, malipo ya hisa Marekani hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara. Vitabu vya zamani husema mbili au tatu.

Na usichanganye opshani na fyucha, mikataba ya kununua na kuuza baadaye kwa bei iliyopangwa leo, ambazo NEXT, soko la mikataba ya aina hiyo la Nairobi, lilianza nazo 2019. Huko pande zote mbili zimefungwa na mkataba, ilhali mnunuzi wa opshani anaweza kuiacha.