Chai ya kijani, mshubiri na mafuta ya manjano kwa ngozi iliyobabuliwa na jua

Jua la Mombasa wakati wa kaskazi halichagui rangi. Ngozi nyeusi nayo hubabuka: huwaka moto, huvuta, kisha huchunika mabegani na puani, na nyuma yake huacha baka jeusi linalokaa miezi. Dawa ya hapa ina vitu vitatu, na vitatu hivyo havikutani katika chupa moja. Maji yakiingia kwenye mafuta, kwa joto letu, ukungu na bakteria huanza kumea ndani ya siku chache hata kama jicho halioni kitu. Vikutanishe kwenye ngozi.

Mafuta ya manjano

Anza na haya, maana ndiyo yanayokula muda. Andaa mizani ya jikoni inayopima gramu; vijiko hudanganya, hasa kwenye nta. Hutoka gramu 100:

- mafuta ya simsim yaliyokamuliwa bila moto, gramu 80 (zitakazotumika ni 55)
- manjano makavu ya unga, gramu 3
- mafuta ya nazi, gramu 24
- nta safi ya nyuki, gramu 20
- vitamini E ya mafuta, gramu 1

Manjano nunua vijiti vikavu Marikiti, utwange mwenyewe. Unga unaong'aa kupita kiasi huenda umetiwa rangi. Mzizi mbichi usiutumie kabisa: una maji, na maji ndiyo adui.

1. Tia mafuta ya simsim na manjano kwenye bakuli la stili lililo kavu. Likalishe juu ya sufuria yenye maji yanayofuka mvuke bila kuchemka, kwa saa mbili. Usifunike; mvuke ukigeuka matone kwenye kifuniko utadondokea mafutani.

2. Acha yatulie usiku kucha, kisha chuja mara mbili kwa kitambaa cha melimeli kilichokunjwa. Ukikamua kwa nguvu, unga utapenya, na chembe zake zitakwaruza ngozi ambayo tayari imechubuka. Yaache yadondoke yenyewe, upime gramu 55.

3. Yeyusha nta juu ya mvuke huohuo (huyeyuka karibu nyuzi 63), ongeza mafuta ya nazi, kisha ya manjano. Ukitia mafuta baridi kwa pupa, nta itaganda mabonge. Ikitokea hivyo, rudisha juu ya mvuke tu, hakuna kilichoharibika.

4. Epua. Kingo za mafuta zikianza kufifia, tia vitamini E, koroga, mimina kwenye vikopo vikavu.

Nta gramu 20 itaonekana nyingi kwa aliyezoea vipimo vya nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na hapa chumba kinapita hapo mchana na usiku. Ukitia gramu 10 utapata uji.

Sasa vitamini E, ambapo wengi hupoteza pesa. Tazama jina kwenye lebo. Tokoferoli, inayoishia kwa -ol, hulinda mafuta yasichache na hufanya kazi yake ngozini moja kwa moja. Ile yenye neno asetati haina nguvu hiyo mpaka ngozi yenyewe iigeuze, kwa hiyo ndani ya kopo haizuii chochote. Hata tokoferoli haiui bakteria; kidole chenye maji kikiingia, umeharibu. Tumia kijiko kikavu.

Mshubiri

Kata jani nene la chini, la mmea uliopandwa. Ile ya mwituni iache porini. Lisimamishe, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, dakika 20, mpaka utomvu wa njano umalize kutoka. Huo ndio shubiri chungu yenyewe, nao huwasha ngozi. Anayesema mshubiri "umemkataa" mara nyingi aliruka hapa. Osha jani, ondoa miiba na ganda, suuza ute mara moja. Weka kwenye friji, utumie ndani ya siku tatu. Ukigeuka rangi ya waridi au hudhurungi, mwaga.

Chai

Majani makavu ya chai ya kijani gramu 4, maji mililita 200 yaliyotoka kuchemka na kupumzika dakika tano. Funika dakika tano, chuja, ipoze kabisa. Ni ya siku hiyo tu.

Kupaka

Kwanza, kabla jua halijakubabua, jaribu kila kimoja ndani ya mkono, usubiri siku mbili.

Siku ya kwanza ya kubabuka, mafuta yasiguse ngozi. Hufungia joto ndani. Poza kwa maji ya bomba dakika 20, weka kitambaa kilicholowa chai dakika 10, kisha ute wa mshubiri. Rudia mara tatu kwa siku. Joto likiisha, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, fuata mpangilio huu kila jioni: chai, ute, subiri dakika mbili, halafu mafuta kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukipaka ngozi kavu utabaki na utelezi juu na ukavu chini. Manjano hutia doa, kwa hiyo tandika kanga kuukuu kwenye mto.

Limau na ndimu usiongeze, hata tone. Maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha malengelenge na mabaka. Mafuta ya karafuu nayo ni makali mno kwa ngozi iliyochubuka.

Antioksidanti, yaani viini kinga vilivyomo kwenye chai, manjano na vitamini E, hupunguza madhara ya miale ya jua, haziizuii. Mchana, kuanzia saa nne hadi saa kumi, bado unahitaji kofia, nguo ya mikono mirefu na krimu ya jua yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi, ipakwe upya kila saa mbili na kila utokapo baharini.

Malengelenge makubwa, homa, usaha, mtoto mchanga, au ngozi iliyokwisha kukonda kwa mkorogo: hapo weka kopo pembeni, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.