Dawa zikikosekana zahanatini, omba rekodi

Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba rekodi za kaunti, kwa Kiswahili pia. Kuomba ni bure. Utalipia nakala tu.

Usiandike "mbona hakuna dawa?" Swali hilo hujibiwa kwa maneno matupu. Taja zahanati, iwe ya Likoni au Kisauni, kisha miezi na karatasi yenyewe: "hati za kupokea dawa, Januari hadi Machi."

Chapisha nakala mbili za barua ya ombi. Moja iachie afisi ya kaunti, ya pili igongwe muhuri wa tarehe urudi nayo; bila muhuri utaambiwa haikufika, na huna pa kushika. Jibu latakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 uhai ukiwa hatarini. Wakinyamaza, una siku 30 kulalamika kwa afisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya serikali.