Kabla Hujaingiza Panya Mgeni Bandani

Haya ni kwa anayezalisha panya weupe, wale wa ukoo wa Wistar na Sprague Dawley wanaohitajika vyuoni, maabara na kwenye mabanda ya nyoka. Panya buku wa Morogoro, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu, ni mnyama mwingine kabisa na hawamo humu.

Tumalize kwanza yale mepesi. Kila kizimba kiwe na kadi: dume aliyetumika, tarehe ya kupandisha, tarehe ya kuzaa, idadi ya watoto. Mimba ni siku 21 hadi 23, kunyonya siku 21, na madume watenganishwe na majike kabla ya kutimiza wiki 5 la sivyo utapata mimba usizozipanga. Maji yawe kwenye chupa yenye chuchu, si kwenye kopo. Panya mkubwa hula gramu 15 hadi 20 kwa siku. Mahindi yaliyoota ukungu mwachie mwenyewe aliyeyauza, kwa sababu sumukuvu inaua ini la panya polepole na wewe utatafuta ugonjwa usiokuwepo. Chakula cha vifaranga kilichotiwa dawa usikiguse. Joto la chumba lizunguke nyuzi 20 hadi 26. Likikaa juu ya 30 madume wanapoteza uwezo wa kuzalisha, na kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hiyo maana yake ni feni na dari, dirisha peke yake halitoshi.

Maranda yana mambo yake. Yanayotoka kwenye mbao zenye harufu kali, au mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, yanawasha mapua na kuharibu ini. Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliwazi: rundo la maranda pale kwa fundi seremala ndilo kitanda cha panya wa mtaani. Wamelilalia, wamelikojolea, wameacha viroboto na utitiri. Wewe unajaza gunia na kulimwaga kwenye vizimba safi, kisha unashangaa ugonjwa umeingiaje wakati hujanunua panya yeyote. Chukua maranda ya siku hiyo hiyo, moja kwa moja kutoka kwenye mashine, na uyahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko. Magunia ya chakula vivyo hivyo. Madirisha na matundu yote ya ukuta yazibwe kwa wavu wa chuma wenye nafasi zisizozidi milimita 6.

Usafi: pua yako ikisikia mkojo unapofungua mlango asubuhi, ujue panya wanaoishi sentimita mbili juu ya maranda hayo wameuvuta usiku kucha. Ile amonia inaunguza vinyweleo vidogo vya njia ya hewa vinavyosukuma uchafu nje, na hapo kila kijidudu cha mapafu kinapata mlango wazi. Badilisha maranda mara mbili kwa wiki, zaidi ya hapo kama kizimba kimejaa. Osha kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo uweke klorini. Usiimwage klorini juu ya mkojo: vikikutana vinatoa hewa yenye sumu ambayo itakukohoza wewe kabla ya panya.

Sasa mgeni. Kabla ya kuuliza bei, uliza huko anakotoka wanaingiza panya wengine mara ngapi, panya wa mtaani wanaingia au hawaingii, na waliwahi kupima nini, lini. Nenda ukaone mwenyewe. Simama mlangoni dakika mbili bila kusema ukasikilize. Banda lenye maikoplasma, bakteria wa mapafu ya panya, lina mlio wake, kukoroma kwa pua kidogo kidogo kama kuku wenye mafua. Ukiusikia, rudi na kizimba chako kitupu. Ukiridhika, chukua wachache, wote siku moja, wote kutoka sehemu moja. Kuokoteza wawili huku na mmoja kule ni kukusanya magonjwa.

Karantini ni jengo lingine. Kona ya chumba kile kile haihesabiki, wala chumba cha pili kinachoshiriki upepo mmoja na banda. Wiki 3 ndizo za chini kabisa. Wiki 4 hadi 6 zinakupa usingizi. Chupa, kijiko cha chakula, ndoo, koti na ndala za huko zibaki huko. Kazi za siku zianze kwa wenye watoto wachanga, kisha wakubwa wazima, kisha wagonjwa, na karantini iwe ya mwisho. Ukishaingia huko hurudi bandani mpaka umeoga na kubadili nguo. Akija mgeni mwingine siku ya 15, hesabu inarudi sifuri kwa wote.

Kumwangalia mgeni kwa macho hakutoshi, kwa hiyo mpe shahidi. Chagua majike wawili wa banda lako, wale unaoweza kuwapoteza, uwaweke kizimba kimoja na wageni wiki ya pili. Watu wengi huhamisha maranda machafu tu kwa mashahidi. Hiyo ni nusu kazi, maana baadhi ya magonjwa ya mapafu, kirusi cha Sendai kikiwemo, hayasafiri vizuri kwa maranda. Yanataka pua kwa pua. Wapime uzito wote kila wiki. Aliyepungua asilimia 10 ana jambo, hata kama anakula mbele yako. Na shahidi akibaki mzima huku mgeni akiugua, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia: yawezekana banda lako ndilo lenye ugonjwa, na panya wako wameuzoea.

Ukiona wiki 3 ni nyingi, fuatilia kinachotokea zikikatishwa. Dume wa gramu 350, manyoya yanang'aa, anaingizwa bandani siku ya 3 kwa sababu majike wamekaa bila dume. Siku chache baadaye jike mmoja anafumba jicho nusu, kama aliyeingiwa na mchanga. Anajisugua uso kwa miguu ya mbele. Kwenye kona ya jicho na puani kuna kitu chekundu kimeganda. Mfugaji anadhani ni damu, wamepigana. Si damu. Ni machozi ya tezi iliyo nyuma ya jicho, ambayo kwa panya yana rangi nyekundu, na yakionekana maana yake mnyama anaumwa au ameelemewa. Kesho yake shingo imevimba chini ya taya hadi kichwa na mabega vimekuwa kitu kimoja; ukibonyeza ni laini kama ndizi iliyoiva sana. Siku mbili baadaye ni vizimba vinne, kisha safu nzima. Dume mwenyewe bado anang'aa. Alikwisha kuumwa kabla hajafika, akaja na mabaki.

Hicho ni kirusi cha SDAV, cha ukoo wa korona, kinachoshambulia tezi za mate na za machozi. Wengi wa wakubwa watapona wenyewe ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Hapo ndipo mfugaji anapoharibu. Anamimina dawa ya antibaiotiki kwenye maji, ambayo kirusi hakiijali, halafu anaona wakubwa wanapona, anafurahi, anaendelea kupandisha. Mwezi unaofuata watoto walioachishwa kunyonya wana macho yale yale. Na unaofuata. Na unaofuata.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiifuata. Panya mmoja anakitoa kirusi hiki kwa takriban wiki moja, kisha mwili unakishinda na hakibaki naye. Kirusi kinaishi bandani kwa sharti moja: kila wiki kipate panya ambaye hajawahi kuugua. Watoto wanalindwa kwa muda na kinga ya mama. Ikiisha, wanakuwa kuni mpya. Kwa hiyo unaukatia moto kuni. Siku hiyo hiyo unapoona shingo ya kwanza, toa madume wote kwenye vizimba vya majike. Usiingize, usiuze, usigawe. Majike waliokwisha kubeba mimba watazaa, sawa, lakini hakuna mimba mpya kwa wiki 6 hadi 8, na hesabu inaanza upya kila akionekana mgonjwa mpya. Usijaribu kuwaficha vizimba viwili vitatu kwenye kona ya chumba hicho hicho ili wasiambukizwe: unachofanya ni kuwatunzia kirusi akiba. Wote wapitie pamoja, wamalize pamoja. Mwenye majike 20 wanaozaa wastani wa watoto 10 anapoteza kama watoto 200 kwa kila uzao anaouacha. Inauma, na ndiyo maana watu hawafanyi, wakaishia kuuza watoto wenye macho mekundu mwaka mzima.

Karantini inafanya kazi kwa magonjwa yanayopita kama hilo. Kwa yanayokaa, haisaidii kitu bila kipimo. Maikoplasma ndiye mkubwa wao. Mama anampa mtoto, mara nyingine tumboni kabla hajazaliwa, na panya anaishi naye miezi bila dalili mpaka amonia, baridi au umri umdhoofishe. Ndipo utasikia kukoroma, utaona kichwa kimepinda upande mmoja kwa sababu sikio la ndani limeoza, au jike mzuri anaacha kushika mimba. Kijidudu hiki hakina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini na amoksilini, ambazo kazi yake ni kubomoa ukuta huo, hazina cha kubomoa. Daktari wa mifugo ataandika doksisaiklini au enrofloksasini, na zote zinapunguza makali tu. Hazimtoi. Ukimtibu dume wa kuzalisha akanyamaza, bado ni mgonjwa aliyenyamaza, usimrudishe kazini.

Dawa za panya ni hesabu, na hesabu hapa ni ndogo kuliko mkono wako. Doksisaiklini kwa miligramu 5 kwa kilo ni miligramu 2 kwa panya wa gramu 400. Kapsuli ya binadamu ya miligramu 100 ina dozi 50. "Kidogo kwenye ncha ya kisu" si kipimo. Usiitie kwenye maji, kwa sababu ni chungu na mgonjwa hanywi vya kutosha, wala usiichanganye na maziwa, kwa sababu madini ya maziwa yanaishika isifanye kazi. Ivamektini ya ng'ombe ndiyo inayoua wengi kwa nia njema. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika mililita moja. Panya wa gramu 300 mwenye chawa, kwa miligramu 0.2 kwa kilo, anahitaji mililita 0.006. Tone moja la sindano ni karibu mililita 0.05, yaani zaidi ya mara nane ya dozi. Kuizimua kwa maji haifai, haichanganyiki sawasawa. Daktari akutengenezee iliyokwisha kuzimuliwa. Na dozi moja haimalizi chawa, mayai yanabaki, rudia kama alivyopanga.

Dume mgeni akimaliza karantini salama, bado usimmwage kwa majike wote. Mpe wawili tu, huko huko aliko. Mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, kwa sababu jike mwenye kizimba chake humng'ata mgeni. Wazae, walee, uwaangalie watoto hadi wiki ya 6. Kisha chagua kati ya watoto hao wa kuingia bandani, na baba abaki nje. Damu mpya umeipata, na umejipa wiki nyingine kadhaa za kuchungulia.

Akifa panya usiyemwelewa, usimtupe na usimgandishe. Barafu inaharibu viungo visiweze kusomeka. Mweke kwenye mfuko ndani ya friji, si ile ya chakula cha nyumbani, na umfikishe maabara ya mifugo kesho yake.

Na mikono yako. Vaa glavu unaposafisha, lowesha maranda machafu kabla ya kuyazoa ili vumbi lisiruke, funika mdomo na pua. Mwaka 2017 huko Marekani wafugaji wa panya wa majimbo ya Wisconsin na Illinois waliambukizwa kirusi cha Seoul na panya waliowafuga wenyewe. Panya hao hawakuonyesha dalili yoyote, kwa sababu kirusi hicho hakiwasumbui wao. Kinamsumbua binadamu, hasa figo. Kuna homa ya kung'atwa na panya, kuna homa ya mgunda (leptospirosisi) inayoenezwa na mkojo. Jeraha la meno lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kadhaa, hata likiwa dogo. Na ukipata homa ndani ya wiki chache, ukienda hospitali watapima malaria, watapima taifodi, na huenda watakurudisha na vidonge. Daktari hawezi kubahatisha unachofanya nyuma ya nyumba. Mwambie unafuga panya kabla hajaanza kuandika.