Fuata mashine: jinsi ya kuzipata albamu za zamani za sinthesaiza ukiwa Mombasa

Watu wengi wakitaka kuanza kuskiza muziki wa zamani wa sinthesaiza, yaani mashine ya umeme inayounda sauti zake yenyewe, wanaingia mtandaoni wanatafuta orodha ya albamu mia bora, wanaanza namba moja, wakifika namba nne washachoka, halafu wanakwambia ah, huu si muziki wetu. Inaniuma nikiskia hivyo manake huu muziki naupenda sana na najua aliyechoka amechoshwa na mlango aliopitia tu. Mimi njia ninayoiamini ni hii: achana na orodha, fuata mashine. Sauti ikikukamata uliza hapo ni mashine gani inalia, nani alikuwa anaipiga, na huyo mtu alipiga wapi kwengine. Basi. Maswali hayo matatu yatakuzungusha dunia nzima na hutahitaji kuambiwa na mtu albamu ipi ni bora.

Anza na kitu ambacho masikio yako yashakijua. Mfano Stevie Wonder, manake Mombasa hii sijui nyumba gani ya mzee wa makamo hakuna hata wimbo mmoja wa Stevie Wonder. Chukua Talking Book ya 1972, weka Superstition, halafu sahau kuimba, skiza besi peke yake. Ile besi nzito inayotambaa chini si gita, ni sinthesaiza ya kampuni ya Moog na Stevie mwenyewe ndiye anaipiga. Sasa geuza jalada usome maandishi madogo yale ambayo hakuna anayeyasoma, utakuta majina Robert Margouleff na Malcolm Cecil. Hao wawili walijenga mashine kubwa wakaiita TONTO, na 1971 walitoa albamu yao wenyewe, Zero Time, kwa jina la Tonto's Expanding Head Band. Stevie aliiskia hiyo albamu akawatafuta mwenyewe, na ndo zikaja Music of My Mind, Talking Book, Innervisions. Kwa hivyo umetoka kwa wimbo unaoujua tangu mdogo ukafika kwa albamu ambayo pengine hungeiskia maishani, na njia yote ilikuwa imeandikwa nyuma ya jalada.

Kama huna jalada mkononi tumia Discogs, tovuti yenye taarifa za albamu, bure kabisa, unaandika jina la albamu halafu unashuka chini pale wanapoandika nani alipiga nini, ukibonyeza jina la mtu zinakuja kazi zake zote. Hapo ndo kuna utamu, unaweza kukaa mpaka adhana ya alfajiri.

Kitu kingine kabla hatujaenda mbali: vifaa. Usiskize hizi kitu kwa spika ya simu, tafadhali, spika ya simu haitoi besi na nusu ya huu muziki iko huko chini. Iafoni za kawaida za waya zinatosha. Sabufa ya nyumbani pia sawa lakini punguza ile besi, watu wetu tumezoea kuifungua mpaka mwisho kama matatu, kwa huu muziki inafunika kila kitu.

Nakupa jaribio moja ufanye leo. Tafuta I Feel Love ya Donna Summer, 1977, iliyotengenezwa Munich na Giorgio Moroder na Pete Bellotte. Karibu kila kitu mle ni Moog isipokuwa sauti ya Donna na ule mdundo wa ngoma kubwa ambao alipiga mtu. Vaa iafoni zote mbili uskize zile noti zinavyokimbia. Sasa toa ya kulia. Utaona mwendo umepungua ghafla, noti zimekuwa chache, manake besi halisi iko kushoto, kulia wameweka hiyo hiyo ikiwa imecheleweshwa kidogo sana, na zikikutana kichwani mwako ndo unaskia ule mbio. Rudisha ya kulia. Ukishaskia hilo mara moja hutaskiza tena muziki wa mashine vile ulivyokuwa unaskiza, utaanza kuuliza kila wimbo umejengwa vipi.

Munich ni Ujerumani, kwa hivyo baki huko huko. Kraftwerk, kundi la Düsseldorf, usianze nao na Autobahn ya 1974 hata kama watu wote watakwambia, wimbo wenyewe una zaidi ya dakika 22 na masikio yako hayajazoea. Anza na Trans-Europe Express ya 1977 kisha Computer World ya 1981, halafu skiza Planet Rock ya Afrika Bambaataa ya 1982 uone melodi ya Kraftwerk imekaa juu ya mashine ya ngoma ya Roland TR-808, Bronx ya New York na Düsseldorf ndani ya wimbo mmoja, na ukitaka kujua kwa nini besi ya nyimbo kibao za sasa inatetemesha vioo vya tuktuk, ni hiyo hiyo 808, iliyoundwa kuanzia 1980 ikaachwa kutengenezwa 1983. Ukimaliza ndo urudi kwa Autobahn. Tangerine Dream wa Berlin ni wa usiku, taa zimezimwa. Kwenye Phaedra ya 1974 mashine zilikuwa zinapata moto zinahama tuni polepole, wao wakaacha hivyo hivyo, na kuhama kule utakuskia kabisa. Na Oxygène ya Jean-Michel Jarre, 1976, aliirekodi nyumbani kwake Paris kwa mashine ya treki 8, yaani inayorekodi mistari minane tu ya sauti, hiyo nampa mtu yeyote anayesema muziki bila maneno unamchosha.

Sasa nije kwa sehemu ninayoitaka hasa. Ukifuata mashine utagundua haikukaa Ulaya na Marekani peke yake, hata kidogo. Wengi wanasema mambo ya kuchezea sauti zilizorekodiwa yalianza na Pierre Schaeffer kule Paris 1948. Lakini 1944, miaka minne kabla, kijana wa Kimisri anaitwa Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya kutoka kituo cha redio Cairo, akaenda kurekodi ngoma ya zaar, ngoma ya kina mama ya pepo, ambayo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa ni nini. Akarudi studio akaondoa sauti za chini akabakisha miangwi inayoelea juu. Kipande kilichobaki kinajulikana kama Wire Recorder Piece, kina kama dakika mbili tu, hakina mdundo wa kucheza, lakini kiskize. Bara hili lilikuwepo tangu mwanzo.

Halafu kuna William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alitoa albamu nane mwenyewe kwa lebo yake, yaani kampuni yake ya kutoa muziki, kati ya 1977 na 1985, sinthesaiza juu ya sinthesaiza na uimbaji wa upole, kisha akaokoka akaacha muziki na kwa miaka mingi hakutaka hata kuuzungumzia, akafariki 2017. Anza na Fantastic Man. Francis Bebey wa Kamerun, aliyewahi kufanya kazi UNESCO Paris, yeye alikuwa anachanganya kinanda cha umeme na mashine ya ngoma na sanza, kile kinanda kidogo cha Kiafrika cha kupiga kwa vidole gumba, tafuta mkusanyiko unaoitwa African Electronic Music 1975-1982.

Na Hailu Mergia! Muethiopia, mpiga kinanda wa Walias Band, alibaki Marekani baada ya ziara, 1985 akajifungia na akodiani yake na sinthesaiza akarekodi nyimbo za zamani za kwao peke yake, kanda ikauzwa Ethiopia, yeye akaishia kuendesha teksi Washington. Miaka mingi baadaye mkusanyaji mmoja akaiokota ile kanda dukani Bahir Dar, akamtafuta mwenyewe, ikatolewa upya 2013 na mzee akarudi jukwaani. Ile akodiani ukiiskia, wewe uliyelelewa na taarab, utajua nyumbani umefika.

Wa mwisho kwa hapa ni Charanjit Singh wa Mumbai, mpigaji wa studio za sinema za Kihindi. 1982 alichukua TR-808, TB-303 ya besi na sinthesaiza ya Jupiter-8, zote za Roland, akapiga raga kumi, yaani mitindo ya melodi ya muziki wa jadi wa Kihindi, juu ya mdundo wa disko, albamu inaitwa Synthesizing: Ten Ragas to a Disco Beat. Haikuuza. Ilipotolewa upya 2010 watu walishtuka manake inafanana mno na ule muziki wa Chicago wa Acid Tracks, wimbo wa kundi la Phuture, ambao ulitoka 1987, miaka mitano baadaye. Ile TB-303 iliundwa imfuatilizie mpiga gita anapofanya mazoezi, kazi hiyo ikaishinda, na ikiteleza kutoka noti moja kwenda nyingine inateleza kama mwimbaji wa Kihindi. Sisi watu wa Mombasa tumekua na nyimbo za sinema za Kihindi, Juma Bhalo mwenyewe ametuimbia tuni zake kwa Kiswahili, kwa hivyo hii albamu sidhani kuna watu duniani wataielewa haraka kutushinda. Anza na Raga Bhairav, sauti juu.

Kuzipata sasa. YouTube inatosha kwa kuonja, pakua ukiwa kwa waifai usimalize bando. Ukipenda kitu kweli nunua Bandcamp, tovuti ambayo wanamuziki na lebo huuza muziki wao, hasa hawa wa Afrika ambao lebo zimetoa upya kwa makubaliano nao. Kazi za Wendy Carlos, mpigaji sinthesaiza wa Marekani, kwenye mitandao ya kustrimu usihangaike nazo, haziko, na Switched-On Bach yake ya 1968 ni lazima uitafute santuri au sidii. Itafute, manake ile Moog ilikuwa inatoa noti moja tu kwa wakati, alirekodi mstari mmoja mmoja akaupanga juu ya mwengine mpaka muziki wa Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani, ukasimama mzima.

Santuri hapa mjini zipo lakini hazijipangi dukani zikakungoja. Waulize wazee waliokuwa madijei kwenye disko za hoteli za Nyali, Bamburi na Diani miaka ya sabini na themanini, wageni wa Kijerumani walikuwa wengi na disko lilikuwa kila wikendi, wengine makasha bado yako chini ya kitanda. Nenda kwa adabu, kaa, kunywa chai, usitaje bei siku ya kwanza. Pita Kongowea vitu vya nyumba vinapouzwa. Ukiiona santuri itoe kwenye jalada uiinamishe kwenye mwanga, michirizi myepesi haina neno ila ukipitisha ukucha ukanasa hapo itaruka. Ishike usawa wa jicho uone kama imepinda, joto letu halina huruma, na madoa meupe ni ukungu wa unyevu wa bahari, unaosheka kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ufuate mduara, usiloweshe karatasi ya katikati. Weka wima, mbali na dirisha.

Kanda nazo usizidharau, ya Hailu ilikuwa kanda. Chungulia pale dirishani kama utepe una unga mweupe, ukiwa nao usiitie kwenye redio, utachafua hedi, kile kidude kinachosoma utepe, na kila kanda utakayoweka baada yake. Ikiwa safi ipeleke mbele mpaka mwisho uirudishe mara moja kabla ya kuicheza ili utepe uachiane, na piga picha pande zote mbili na kile kikaratasi, hata kama kimeandikwa kwa kalamu tu, manake majina ya wapigaji huwa yako hapo.