Mahakama iliyosikiliza kesi: maana yake na namna ya kuitaja katika rufaa

Mtu aliyeshindwa kesi hapa Mombasa na anayetaka kukata rufaa hukutana mapema na swali linalomchanganya: ile mahakama ambamo mashahidi wake waliapishwa, wakahojiwa, kisha hukumu ikasomwa, aiite nini? Katika karatasi za rufaa hutajwa karibu kila ukurasa. Lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza, ilhali mahakama za mahakimu zinaruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili, na kwa hiyo watu wengi hulipata neno la Kiingereza la mahakama hiyo, "trial court", kwa tafsiri ya haraka waliyopewa koridoni. Mmoja huambiwa ni mahakama ya chini, mwingine mahakama ya mwanzo, wa tatu mahakama ya hakimu. Mimi huwasomea watu hukumu zao kwa Kiswahili, na ushauri wangu ni kutumia "mahakama iliyosikiliza kesi", kwa sababu jina hili linataja kazi iliyofanyika, si cheo cha mahakama.

Ili kuitambua mahakama hiyo, usiangalie jengo wala ukubwa wa jina lililoandikwa mlangoni. Jiulize ni nani aliyepokea ushahidi kwa mara ya kwanza. Kesi ya wizi wa mkokoteni sokoni Kongowea husikilizwa na hakimu, basi mahakama ya hakimu ndiyo iliyosikiliza kesi. Kesi ya mauaji husikilizwa na jaji, na hapo Mahakama Kuu yenyewe ndiyo iliyosikiliza kesi. Mzozo wa mirathi kati ya ndugu Waislamu waliokubali mamlaka ya Kadhi husikilizwa katika Mahakama ya Kadhi, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Hata Mahakama ya Juu, ambayo haina mahakama juu yake, husikiliza kesi kwa mara ya kwanza pale uchaguzi wa rais unapopingwa, kama ilivyokuwa mwaka 2013, 2017 na 2022, na Katiba huipa siku 14 tu za kutoa uamuzi.

Hiyo ndiyo sababu "mahakama ya hakimu" haitoshi kuwa tafsiri, na "mahakama ya chini" ina hatari zaidi. Chini ni neno la cheo. Kesi ikianzia kwa hakimu, ikapanda Mahakama Kuu, kisha ikafika Mahakama ya Rufaa, mahakama za chini huwa mbili, na anayesoma "mahakama ya chini ilikosea" hawezi kujua ni ipi inayolaumiwa. Katika hatua hiyo andika "mahakama iliyosikiliza kesi" kwa ile ya hakimu, na Mahakama Kuu uiite "mahakama ya rufaa ya kwanza", kwa herufi ndogo. Ukiandika Mahakama ya Rufaa kwa herufi kubwa umetaja mahakama nyingine kabisa, na kosa hilo dogo la kalamu nimeliona likipotosha ukurasa mzima.

Lililo gumu zaidi ni "mahakama ya mwanzo". Kwa masikio ya Mswahili linapendeza, na kwa maana ya kamusi halina kasoro. Lakini ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga hilo ni jina rasmi: Tanzania ina Mahakama ya Mwanzo, ngazi kamili ya mahakama, na juu yake kuna Mahakama ya Wilaya. Kenya haina mahakama yenye jina hilo. Mama mmoja wa Likoni alinijia na hukumu ya mwanawe. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine, naye alikuwa ameambiwa kwamba kijana "amerudishwa mahakama ya mwanzo". Asubuhi nzima alikuwa akiulizia lango la mahakama hiyo. "Mwanangu," aliniuliza, "hii ya mwanzo iko mtaa gani?" Nilimwonyesha jina la mahakama ileile aliyokuwa akihudhuria tangu kesi ilipoanza, likiwa limechapwa juu ya ukurasa wa kwanza. Tangu siku hiyo neno hilo silitumii katika karatasi za Kenya.

Kulitaja neno kwa usahihi kuna uzito wa kisheria pia. Mahakama iliyosikiliza kesi ndiyo iliyomwona shahidi akijibu, akisita au akijikanganya. Katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1972 na ambayo mahakama zetu huitaja hadi leo, ilielezwa kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Rufaa ya pili hubanwa zaidi, kwani kwa kawaida huhusu masuala ya sheria tu.

Kwa hiyo sababu ya rufaa isiandikwe kwa ujumla. "Mahakama haikunitendea haki" haimwonyeshi jaji pa kuangalia. Andika hivi: "Mahakama iliyosikiliza kesi ilikosea kisheria na kuhusu ukweli wa mambo ilipotegemea ushahidi wa shahidi wa pili, ambaye alikiri kwamba mahali pale palikuwa na giza." Sentensi hiyo inataja mahakama, kosa, shahidi na jambo lenyewe, na jaji anaweza kufungua kumbukumbu za kesi akalikuta. Ukitaka kumtaja mtu badala ya mahakama, andika "hakimu aliyesikiliza kesi" au "jaji aliyesikiliza kesi", na usiyabadilishane: hakimu si jaji.

Mwanzoni mwa karatasi, mara moja tu, itaje mahakama kwa jina lake kamili, pamoja na mji ilipo, nambari ya kesi, cheo cha aliyetoa hukumu na tarehe ya hukumu. Cheo kina maana, hasa katika madai, kwa kuwa hakimu mkuu husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na hakimu mkazi yasiyozidi milioni 5. Baada ya hapo endelea na "mahakama iliyosikiliza kesi" hadi mwisho bila kubadili. Tarehe ya hukumu ihakikishe masjala kabla ya kuiandika, kwa maana siku huhesabiwa kuanzia hapo: rufaa ya jinai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 14, na ya madai ina siku 30.